Pinki Bado Si Dawa

Wageni wakiingia maabara kwetu huomba kwanza kuonyeshwa sahani za pinki. Nawaelewa. Unapanda bakteria kwenye aga ya rangi ya manjano, unafunika sahani, unaiweka kwenye inkubeta kwa nyuzijoto 37, na baada ya siku moja au mbili unakuta koloni moja imezungukwa na duara la pinki, limekolea katikati na kufifia kuelekea pembeni, huku koloni za jirani zikiwa zimebaki kwenye manjano yao. Hata mtu ambaye hakusoma baiolojia anaona kwamba hapo pametokea jambo.

Aga ile tumeinyima chakula makusudi. Bakteria yeyote anahitaji naitrojeni, na chanzo pekee cha naitrojeni tulichomwekea humo ni asparajini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Atakayetaka kuishi hapo lazima awe na kimeng'enya cha kuivunja, nacho kinaitwa asparajinesi. Kikiivunja asparajini hutoka vitu viwili: asidi aspatiki na amonia. Amonia hupandisha pH. Ndani ya aga tumechanganya fenoli nyekundu, ambayo ni ya manjano pH ikiwa chini ya 7 na hugeuka pinki ikipita 8. Kwa hiyo pinki unayoiona ni alama ya amonia. Mbinu hii ya sahani ilichapishwa mwaka 1997 na watafiti wa India, na imeenea dunia nzima kwa sababu haihitaji mashine ya gharama. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaimudu kwa wiki moja.

Tunakitafuta kimeng'enya hiki kwa sababu ya saratani ya damu, hasa ile inayowapata zaidi watoto, lukemia kali ya limfoblasti. Seli nyingi za mwili hujitengenezea asparajini zenyewe. Seli za saratani hii hazina uwezo huo wa kutosha, zinategemea ile iliyomo kwenye damu. Ukiingiza asparajinesi kwenye mshipa au msuli wa mtoto, asparajini ya damu inamalizika, seli za kawaida zinaendelea kujipikia, zile za saratani zinakosa chakula na kufa. Dawa nyingi za saratani hupiga seli yoyote inayogawanyika haraka, ndiyo maana nywele hunyonyoka na midomo huota vidonda. Asparajinesi inatumia udhaifu mmoja wa seli mbaya. Peke yake haitoshi, hutolewa pamoja na vinkristini na dawa za jamii ya steroidi, lakini ukiiondoa kwenye mpango wa tiba matokeo yanashuka. Katika nchi zenye uwezo, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu sasa wanapona.

Mimi ni mzaliwa wa Masoko, wilaya ya Rungwe, na kazi yangu ni mikrobiolojia. Napenda kusimulia jinsi kimeng'enya hiki kilivyojulikana, maana kwa mtu wa kwetu mwanzo wake hauko mbali. Nyanda za Juu Kusini watu wengi wamekua na simbilisi jikoni, wakikimbia chini ya meza na kula maganda na majani. Mwaka 1953, huko New York, daktari John Kidd alikuwa akijaribu mambo mengine kabisa kwa panya waliopandikizwa uvimbe wa limfoma. Panya waliochomwa majimaji ya damu ya simbilisi uvimbe wao ulinywea. Majimaji ya damu ya farasi au sungura hayakufanya hivyo. Ilikuwa imeshajulikana tangu mwaka 1922, kwa kazi ya Mwitaliano Clementi, kwamba damu ya simbilisi ina asparajinesi nyingi, lakini hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili hadi mwaka 1961, John Broome alipoonyesha kwamba kinachoua uvimbe ni kimeng'enya kilekile. Mwaka 1964 Mashburn na Wriston wakakitoa kwenye bakteria Escherichia coli, na hapo ndipo ikawezekana kukitengeneza kwa wingi, kwani hakuna simbilisi wa kutosha duniani kutibu wodi moja ya watoto. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1978. Mpaka leo hii vyanzo vikuu vya dawa hospitalini ni viwili tu: Escherichia coli, na bakteria aliyezoeleka kwa jina la Erwinia chrysanthemi, ambaye kwa kawaida yake huozesha mimea.

Viwili tu, baada ya miaka sitini. Hili ndilo linalotufanya tuendelee kutafuta. Mtoto akikitumia cha Escherichia coli, mwili wake unaweza kukikataa: anavimba, anabanwa pumzi, au anatengeneza kingamwili kimyakimya bila dalili yoyote. Ikitokea hivyo anahamishiwa kile cha Erwinia, ambacho ni ghali na mara kwa mara kimeadimika duniani. Cha tatu kitakachokuwa na sura tofauti machoni pa kingamwili kingewasaidia watoto wengi. Na vyote viwili huweza kusababisha kongosho kuvimba, damu kuganda mahali pasipotakiwa, na ini kuchoka.

Basi nikaenda kutafuta nyumbani.

Ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba, limekaa ndani ya shimo la volkano, karibu mita 700 kutoka ukingo hadi ukingo, na kina chake kinakaribia mita 40. Hakuna mto unaotoka humo. Watu wa Tukuyu wanalijua kwa hadithi ya Wajerumani, waliokuwa na kambi yao pale juu na jengo la mawe ambalo bado lipo. Inasimuliwa kwamba walipozidiwa katika Vita ya Kwanza ya Dunia walitupa silaha na mali zao majini. Wanasayansi wanalijua kwa mambo mengine. Miaka ya 1990 Wafaransa walichimbua tope la chini yake na kusoma humo historia ya mvua na majivu ya volkano ya makumi ya maelfu ya miaka. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa samaki wake, kazi ya Waingereza wakishirikiana na TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi: samaki wa jamii moja wameanza kugawanyika kuwa aina mbili ndani ya ziwa hilohilo, madume wa manjano wakikaa kandokando penye mwanga na wa buluu wakikaa chini, zaidi ya mita 20, kwenye giza na hewa haba.

Nilivutiwa na hicho kina cha hewa haba, kwa sababu moja mahususi. Escherichia coli ana asparajinesi mbili. Ya kwanza iko katikati ya seli na haina maana kwa mgonjwa. Ya pili iko kwenye nafasi kati ya tabaka mbili za ukuta wake, na ndiyo dawa. Hii ya pili bakteria huitengeneza kwa wingi pale oksijeni inapopungua. Kwa hiyo mtu anayekusanya udongo wa shambani peke yake anawaacha nyuma viumbe wenye sababu nzuri zaidi ya kuwa na kimeng'enya hicho. Tope la kina cha Masoko halina pilikapilika za hewa, na limejaa majani yaliyooza yanayoporomoka kutoka msitu wa ukingoni. Mahali pa namna hiyo panastahili kuangaliwa.

Unashusha chombo kwa kamba kutoka kwenye mtumbwi, kinagusa chini, unakifunga kwa kuvuta, unakipandisha taratibu. Tope linalotoka ni jeusi, laini kama samli, na lina harufu ya yai viza. Unalijaza kwenye mirija iliyochemshwa, unaijaza mpaka juu pasibaki hewa, unaifunga na kuilaza kwenye kasha la barafu. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Vibali vilichukua muda mrefu zaidi, kuanzia COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, hadi serikali ya kijiji, na naona ni sawa vichukue muda.

Mama mkubwa wangu, ambaye nyumba yake haiko mbali na ziwa, aliniita nikiwa nafunga mirija.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Wa kwanza walichukua tope, wa pili wakachukua samaki. Wewe umekuja kuchukua nini?"

Nikamwambia nachukua vijidudu visivyoonekana, huenda kimojawapo kina dawa ya watoto wenye saratani ya damu.

"Watoto wa wapi?"

Nilimjibu kwamba wa popote, na wa hapa pia. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Ukipata au usipopata, urudi useme. Hao wengine hatukuwaona tena."

Aliuliza swali ambalo nchi jirani ililiuliza kwa kuchelewa. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua bakteria kutoka maziwa ya magadi ya Kenya, likiwemo Bogoria. Kampuni ya Genencor ikapata humo vimeng'enya vya viwandani, vikiwemo vya kuipa jinzi ile sura ya kuchakaa. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kudai mgao wa mapato. Miaka 12 ilikuwa imepita. Baadaye ulikuja mkataba wa kimataifa wa Nagoya, wa mwaka 2010, unaotaka anayechukua viumbe kwa utafiti akubaliane mapema na wenyeji kuhusu faida. Nilirudi kijijini na kusimama mbele ya mkutano kueleza tulichofanya, na bado narudi. Wananiuliza maswali magumu kuliko wanayoniuliza wakaguzi wa miradi.

Lakini ninachotaka kueleza hapa hasa ni kile kinachotokea baada ya pinki, kwa sababu machapisho mengi ya kanda yetu na ya kwingineko huishia pale. Mtu anakusanya udongo, anapata sahani za pinki, anasoma jeni ya bakteria wake na kumpa jina, anaandika sentensi ya mwisho kwamba huyu anaweza kuwa chanzo cha dawa ya lukemia. Kisha kimya. Sisemi kwamba kazi hiyo ni bure. Nasema sentensi ile ya mwisho haijastahili kuandikwa.

Kwanza, pinki yenyewe inadanganya. Amonia husambaa ndani ya aga, kwa hiyo koloni isiyo na kitu ikikaa jirani na yenye nacho itaonekana nayo ya pinki kesho yake. Vilevile kuna bakteria wanaopandisha pH kwa njia nyingine kabisa. Ndiyo maana kila sahani lazima iwe na mwenzake wa kulinganisha, mwenye chumvi ya naitreti badala ya asparajini: anayegeuza pinki zote mbili anatupwa. Wanaobaki unawatenga mmojammoja, unawapanda upya kila mmoja kwenye sahani yake, unasubiri. Kundi linapungua sana katika hatua hii, na ni vizuri lipungue.

Pili, unahama kutoka rangi kwenda namba. Bakteria anakuzwa kwenye kimiminika, seli zinapasuliwa, majimaji yake yanachanganywa na asparajini kwa nyuzijoto 37 kwa muda uliopimwa kwa saa, na amonia iliyotoka inapimwa kwa kitendanishi cha Nessler, kinachogeuka rangi ya chai ya rangi kadiri amonia inavyozidi. Kitendanishi hicho kina zebaki, hakimwagwi kwenye sinki hata tone moja. Tunakikusanya kwenye chupa yake. Spektrofotometa inasoma ukali wa rangi, nawe unahesabu yuniti: yuniti moja ni kiasi cha kimeng'enya kinachotoa maikromoli moja ya amonia kwa dakika. Shikeni hiyo yuniti, nitairudia.

Tatu ni swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni la uroho. Damu ya mtu ina asparajini kidogo sana, kama maikromoli 50 kwa lita. Sahani yetu ina maelfu. Kimeng'enya kinachofanya kazi vizuri penye wingi kinaweza kukaa bure penye uhaba. Tunapima ni kwa kiwango gani cha chakula kimeng'enya kinafikia nusu ya kasi yake. Kile cha dawa, cha Escherichia coli, kinafikia nusu kasi kwenye maikromoli 10 hadi 15, yaani kinafanya kazi kwa nguvu hata damu ikiwa imebakiwa na kidogo. Ile asparajinesi nyingine ya bakteria huyohuyo, iliyoko katikati ya seli, inahitaji mamia ya mara zaidi ya hapo. Zote mbili zinavunja asparajini na kutoa amonia. Mbele ya mgonjwa moja ni dawa na nyingine ni protini ngeni tu. Mambo haya yalijulikana tangu miaka ya 1960, watafiti walipoona kwamba moja inapunguza uvimbe wa panya na nyingine haiugusi.

Wengi wa bakteria wangu wa Masoko waliishia hapo. Ni wachapakazi wazuri kwenye sahani, lakini kwenye kiwango cha damu wanalegea. Nimeandika hivyo kwenye daftari na kwenye ripoti ya kijiji. Mwanafunzi niliyemsimamia aliumia sana siku tulipochora mstari wake na kukuta namba iko mbali. Nilimwambia aiandike kwa wino uleule ambao angetumia kuandika ushindi, maana atakayekuja baada yake anahitaji kujua mahali ambapo tayari pameangaliwa.

Mlango mmoja haujafungwa kwa hao wanaolegea. Viazi mviringo vimejaa asparajini. Ukivikaanga kwa moto mkali, asparajini hiyo hukutana na sukari na kutengeneza akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani; Wasweden waliitangaza mwaka 2002. Viwanda vya chakula sasa huloweka viazi kwenye asparajinesi ya ukungu kabla ya kukaanga. Kiazi kina asparajini nyingi kuliko damu, kwa hiyo kimeng'enya kisicho na uroho kinatosha. Kila nikipita Isongole na kuona magunia ya viazi yaliyorundikwa barabarani yakisubiri lori la Dar es Salaam, nafikiria jambo hilo. Ni utafiti mwingine, na una haki ya kufanywa.

Kwa wachache wanaopita swali la uroho, maswali yanaendelea. Je, kinavunja pia glutamini? Glutamini ni ndugu wa asparajini, inahitajika na ini, kongosho na ubongo, na kimeng'enya kinachoivunja kupita kiasi kinaleta madhara. Je, kinastahimili pH ya damu, 7.4, wakati tulikipima kwenye 8.6 kinakojisikia vizuri? Kinakaa muda gani mwilini? Cha kawaida cha Escherichia coli hupungua nusu kila baada ya siku moja na kitu. Ndiyo maana mwaka 1994 iliidhinishwa Marekani aina iliyovishwa polietilini glaikoli, ambayo nusu yake hudumu karibu siku sita na kumpunguzia mtoto sindano. Na je, unaweza kukisafisha kiasi kwamba mabaki ya ukuta wa bakteria, ambayo hata kwa chembe ndogo humpandishia mtu homa na kumwangusha, yametoka? Hapo maabara kama yetu inafika ukingoni mwa uwezo wake. Kutoka hapo hadi kwenye mshipa wa mtoto kuna wanyama wa majaribio, kiwanda safi, hatua za majaribio kwa binadamu, miaka mingi na fedha nyingi.

Nikifika hapa watu huniuliza: basi kwa nini unaendelea?

Nimefikiri sana juu ya jibu, nalo si lile nililokuwa nalo nilipoanza. Naendelea kwa sababu ya zile mashine na mikono tuliyoizoesha. Tazama kilichotokea Brazil. Mwaka 2017 wizara ya afya ya huko ilibadilisha dawa ya asparajinesi iliyokuwa ikitumika, ikaleta nyingine ya bei nafuu kutoka China. Madaktari wa kituo cha watoto cha Boldrini, mjini Campinas, hawakuridhika. Wakaipima wenyewe kwa msaada wa maabara ya utafiti, wakakuta humo protini ngeni nyingi zisizotakiwa kuwemo. Walikuwa na uwezo wa kuuliza swali na kujijibu. Januari 2023 waandishi wa uchunguzi wa Uingereza na Marekani walitoa ripoti kwamba angalau chapa 12 za dawa hii zilizopimwa hazikufikia ubora, kwamba zilikuwa zimesafirishwa kwenda nchi zaidi ya 90, na kwamba watoto wapatao 70,000 walikuwa hatarini. Nchi zinazonunua dawa za bei nafuu ndizo zinazopokea mzigo huo.

Dawa hii ni tofauti na kidonge. Inakuja kama unga kwenye kichupa, yuniti 5,000 au 10,000, na lazima ikae kwenye ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8 safari nzima. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Umeme unakatika, gari linaharibika kwenye mlima wa Kitonga, friji la kituo linafunguliwa mara mia kwa siku. Kichupa kilichoharibika hakibadiliki rangi wala harufu. Muuguzi anakichanganya, anamchoma mtoto, anaandika kwenye faili kwamba dozi imetolewa. Seli za saratani haziandiki chochote kwenye faili.

Ile yuniti tuliyoipima kwa bakteria wa tope la Masoko ndiyo yuniti iliyoandikwa kwenye lebo ya kichupa. Asparajini ileile, amonia ileile, spektrofotometa ileile. Anayeweza kunieleza kwa uhakika kwamba bakteria fulani wa ziwani ana yuniti ngapi anaweza pia kueleza kama kichupa kilichoandikwa 10,000 kina 10,000. Tanzania ina mamlaka ya dawa yenye sifa. Mamlaka hiyo, TMDA ya leo, ndiyo iliyokuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018. Kazi yao ya usajili na ukaguzi siwezi kuibeba. Ninachosema ni kwamba dawa ya kibaiolojia inahitaji watu wengi wanaoijua kwa mikono yao, waliotawanyika vyuoni na hospitalini, na kuchuja bakteria ni shule ya bei nafuu ya kuwapata watu hao.

Kuna hatua ya karibu zaidi na kitanda cha mtoto. Nilisema mwili wa baadhi ya watoto hutengeneza kingamwili kimyakimya. Mtoto havimbi, hakohoi, hana upele, lakini dawa inazimwa ndani ya saa chache. Nje kila kitu kinaonekana sawa. Njia ya kujua ni kuchukua damu kidogo kabla ya dozi inayofuata na kupima kama bado kuna kimeng'enya kinachofanya kazi: wataalamu wanataka angalau yuniti 0.1 kwa kila mililita ya majimaji ya damu. Kupima asparajini yenyewe ni taabu, kwa sababu kimeng'enya kinaendelea kuila ndani ya mrija wakati sampuli iko njiani. Ukifika maabara unakuta sifuri isiyo ya kweli. Kimeng'enya ndicho kinachopimika. Nessler haifai hapa, damu ina vurugu zake, kwa hiyo hutumika kemikali inayofanana na asparajini, inayotoa haidroksilamini ikivunjwa, nayo ikikutana na haidroksikwinolini inatoa rangi ya kijani. Tena rangi. Safari hii ya kijani inasomwa karibu na nanomita 700, na inamwambia daktari kama mtoto huyu anatibiwa kweli au anachomwa sindano tu.

Kipimo hicho nimejifunza kwa kutumia vimeng'enya vya bakteria wa Masoko walioshindwa. Hawafai kuwa dawa, lakini wanafaa kufundishia: unajua kiasi ulichoweka, unakiyeyusha kwenye majimaji ya damu ya ng'ombe kutoka machinjioni, unampa mwanafunzi mirija isiyo na majina, na unaona kama anarudi na namba sahihi. Akipatia mara kwa mara, naamini yuko tayari kuketi kwenye benchi la hospitali.

Mtoto wa Rungwe mwenye lukemia huanza kwa homa, weupe wa viganja, maumivu ya mifupa na damu ya puani. Hayo yote yanafanana na malaria na upungufu wa damu, na mara nyingi anatibiwa malaria kwanza. Akibahatika anafika Mbeya, hospitali ya rufaa ya kanda, au anapandishwa basi hadi hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo. Mama anaacha migomba, anaacha wadogo wa mgonjwa kwa bibi, anakaa mjini miezi. Familia imeshatoa ilichoweza kutoa. Swali la kama kichupa kina nguvu halipaswi kuwa juu yake.

Kwa hiyo orodha yangu ya maombi ni fupi na haina pinki. Spektrofotometa yenye kichujio cha nanomita 700 kwenye kila hospitali ya rufaa inayotoa dawa hii; nyingi zina mashine za kusomea sahani za vipimo vya virusi, ni kichujio tu kinachokosekana. Kopo la haidroksikwinolini. Friji lenye kipimajoto kinachoandika chenyewe. Na fundi sanifu mmoja aliyefundishwa, ambaye hatahamishwa kwenda kitengo kingine mwezi unaofuata. Wa kuwafundisha tunao, na vimeng'enya vya mazoezi viko kwenye jokofu letu la nyuzi 80 chini ya sifuri, ndani ya gliserini, vikiwa na namba ya kina cha tope vilikotoka na jina la kijiji.